Hodi Kabla ya Macho

Waswahili husema macho hayana pazia. Methali hii aghalabu hutumika kumtetea mtu aliyeona asichotakiwa kukiona: alikuwa akipita njia, mlango ulikuwa wazi, jicho likafika lilikofika, basi hana lawama. Lakini Waswahili haohao wana ada nyingine, nayo ni ada ya hodi. Anayekwenda nyumbani kwa mwenziwe hupiga hodi mara tatu, husimama kando ya mlango asitumbue macho ndani, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Kwa mtazamo wa haraka mambo haya mawili yanapingana: moja lasema jicho haliwezi kuzuiwa, na jingine lasema sharti lizuiwe. Mtu akitulia na kuyapima ataona hayapingani. Methali huhukumu jicho lililokutana na jambo kwa bahati. Hodi huhukumu miguu iliyokusudia kwenda. Aliyepita njia hana kosa. Aliyefunga safari, akalipa nauli na kuchagua siku, hawezi tena kujificha nyuma ya methali, kwani safari yake nzima ni kusudio.

Tofauti hiyo yahitajika ili kulijibu swali ambalo katika zama hizi limekuwa zito kuliko linavyoonekana: mtu ana haki gani ya kufunga safari kwenda kuwatazama viumbe waishio mbali naye? Swali halimhusu mwindaji, ambaye hukumu yake imejadiliwa kwa karne nyingi. Lamhusu mtu mwema, asiyebeba bunduki wala nyavu, ambaye hataki chochote ila kuona.

Mfano unaojulikana duniani kote ni safari za Galapagos, funguvisiwa la volkano lililo katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya Ekwado. Anayepanga kwenda huko hukaa miezi mingi juu ya karatasi. Huuliza ni mwezi gani bahari hutulia na ni mwezi gani ndege hutaga. Achague mashua ya abiria 16 au meli ya abiria 100. Azungukie visiwa vya mashariki au vya magharibi. Alale majini siku ngapi. Huuliza bei, huuliza dawa ya kigegezi cha mawimbi, huuliza kamera ipi yafaa. Yote ni maswali halali. Lakini msomaji akiyatazama vizuri ataona yana tabia moja: yote yanamhusu anayekwenda, na hakuna hata moja linalomhusu anayekwendewa.

Visiwa hivyo vilijifunza kwa gharama kubwa maana ya mgeni asiyepiga hodi. Tangu karne ya 17 hadi ya 19, maharamia na wawinda nyangumi walikuwa wakitia nanga huko na kupakia kobe wakubwa wakiwa hai, kwa kuwa kobe aliweza kukaa miezi mingi ndani ya meli bila ya chakula wala maji. Kobe waliochukuliwa wanakadiriwa kupita laki moja. Mbuzi walioachwa visiwani wakazaana na kumaliza majani waliyoyategemea kobe waliosalia. Kobe wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, ambaye watu walimwita George Mpweke, alikufa tarehe 24 Juni 2012 bila ya kuacha mtoto. Charles Darwin alipofika mwaka 1835 alistaajabu kuona ndege hawamwogopi mwanadamu; ameeleza jinsi alivyomsukuma mwewe kutoka tawini kwa mtutu wa bunduki. Mwewe yule hakuwa mjinga. Ukoo wake haukuwahi kuwa na sababu ya kujifunza hofu hiyo.

Ekwado ilitangaza hifadhi ya taifa katika visiwa hivyo mwaka 1959, na sheria zilizofuata ni kali. Mgeni haingii sehemu kubwa ya hifadhi bila ya mwongozaji aliyesajiliwa, hamkaribii mnyama chini ya meta mbili, na meli haibebi abiria zaidi ya 100. Tarehe 1 Agosti 2024 ada ya kuingia kwa wageni wengi wa nje ilipanda kutoka dola 100 hadi dola 200. Masharti haya ni hodi iliyoandikwa na kutiwa muhuri. Hata hivyo, mwaka 2023 wageni walipita laki tatu, na mtu anaweza kujiuliza ikiwa hodi inayopigwa mara laki tatu kwa mwaka bado ni adabu, au imekwisha kuwa kelele mlangoni.

Hapa lazuka tatizo lililo kubwa zaidi ya hesabu. Hodi ya wanadamu ina pande mbili: anayebisha, na anayeitikia karibu. Kiumbe asiye na lugha hana karibu. Wako wasemao kwamba anyamazaye ameridhika, na kwa kuwa kobe hakukataa, mgeni na aingie. Hoja hiyo haisimami mbele ya ada yenyewe. Katika ada ya hodi, kimya si idhini. Kimya ni amri ya kurudi. Mwenye nyumba halazimiki kutoka na kueleza kwa nini hafungui. Mzigo wote uko juu ya aliyekuja.

Je, basi, kila msafiri arudi? La, kwani ada hiyohiyo yajua njia nyingine. Nyumba isiyo na sauti ina jirani. Jirani hutokeza kichwa akasema: “Wenyewe wamelala, njoo alasiri,” au, “Leo wana mgonjwa, usibishe.” Viumbe nao wana majirani, ambao ni watu wanaoishi kandokando yao, wanaojua wanapozaa, wanapolala na wanapokimbilia. Jirani huyo ndiye anayeweza kuitika kwa niaba yao. Shida ni kwamba jirani naye ana njaa yake, na mwenye njaa aweza kufungua mlango usio wake.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda Pasifiki kuyashuhudia haya. Huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, pomboo walikuwa wakiuawa ili nyama yao iwe chambo cha kuvulia papa. Mwaka 1992 wageni walianza kupelekwa kuwatazama, na kufikia mwaka 1996 uwindaji ule ulikuwa umekoma, kwa kuwa pomboo aliye hai alikuwa na faida kubwa kuliko aliyekatwa vipande. Hili ni jambo la kushukuriwa, wala asitokee mtu kulibeza: jicho lilimwokoa kiumbe na chusa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Lakini jicho lililookoa likageuka kuwa jicho linalofukuza. Mashua nyingi zikawa zinalizunguka kundi moja, injini zikinguruma, na wageni wakirukia majini mbele ya pomboo kila wanapoibuka. Watafiti waliofuatilia wameeleza kwamba pomboo hubadili mwenendo wao mbele ya mashua hizo, na majike wenye watoto wa kunyonyesha huathirika khasa.

Nani mwenye kosa? Aghalabu kidole huelekezwa kwa nahodha. Lakini nahodha ana asubuhi moja, ana wageni sita waliokwisha kulipa, ana mashua nyingine ubavuni mwake, na ana watoto nyumbani. Akikaa mbali, wageni watanung'unika na kesho watapanda chombo cha mwenziwe. Wengine humlaumu mgeni. Lakini mgeni naye ana siku moja tu, amevuka bahari mbili, na ameahidiwa ataogelea na pomboo. Pezi linapochomoza majini, hakuna kati yao aliye na nafasi ya kuwa mwema. Kila mmoja amefungwa na jambo lililoamuliwa zamani, siku ile ahadi ilipouzwa. Aliyeahidi “utaona” alikuwa amekwisha kumuuza pomboo kabla hajaibuka.

Hiki ndicho kiini cha suala lote. Maadili ya safari ya kutazama viumbe huamuliwa mezani, pale mtu anapopanga, na melini huwa wakati umekwisha kupita. Siku ngapi, chombo cha nani, watu wangapi, mwezi upi, na juu ya yote ahadi ipi: hayo ndiyo yatakayoamua jinsi nahodha atakavyoshika usukani. Msafiri anayedhani kwamba wema wake utamwongoza atakapofika hujidanganya. Pazia ambalo macho hayana lapaswa kushonwa kabla ya kuondoka.

Kanuni hii ni bora ipimwe mahali ambapo safari za namna hiyo bado hazijawa desturi, ili ionekane kama yafaa kabla ya madhara badala ya baada yake. Mahali hapo ni Ngumbo. Ngumbo ni kata ya ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kati ya Liuli na Lituhi. Zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake makuu Mbamba Bay. Juu, kwenye milima, wako Wamatengo na kahawa yao na mashamba yao ya ngoro. Chini, penye maji, wako Wanyasa na mitumbwi. Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu aliyezoea kuamini kwamba pwani ni moja tu atafika huko akute mchanga, mawimbi, nyavu zilizoanikwa, na upepo wa kusini-mashariki unaozuia vyombo kama kusi linavyovizuia kwao. Wavuvi wa ziwa hilo huuita mwera.

Ziwa hili ni mtoto wa bonde la ufa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika meta 700, na katika ncha yake ya kaskazini imesimama milima ya volkano ya Rungwe na Kyejo. Kwa hesabu ya aina za samaki halina mshindani duniani. Wataalamu hukadiria kuwa aina hizo ni kati ya 800 na 1,000, na nyingi mno hazipatikani mahali pengine popote. Ndege wa Galapagos waliobeba jina la Darwin na kuwapa wanafunzi wa ulimwengu mzima somo la jinsi viumbe wanavyobadilika hawafiki aina ishirini. Somo hilohilo, kwa maandishi makubwa zaidi, limo ndani ya maji ambayo watoto wa Ngumbo huoga kila jioni.

Tena maji hayo yana funguvisiwa lake. Pwani hiyo ina miamba na visiwa vidogo, kama Lundo na Hongi, na kati ya mwamba na mwamba kuna mchanga. Samaki wadogo wa mawe, ambao dunia imezoea kuwaita mbuna, hula ukoga wa mwamba na kujificha katika nyufa zake. Wengi wao hawathubutu kuvuka mchanga ulio wazi. Kwa samaki wa namna hiyo mchanga ni bahari kuu na kila chungu ya mawe ni kisiwa cha mbali. Ndiyo maana samaki wa mwamba mmoja huwa na rangi ambayo jirani yake hana. Kuna misimu ambapo mawingu meusi ya vijidudu vya kungu huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, na mtu asiyejua angeweza kudhani kwamba volkano imefumuka katikati ya ziwa. Furukombe hulia juu ya miti, na mvua zinaponyesha mbasa huingia mitoni kwenda kutaga.

Basi mtu akiyasikia haya huenda akaanza kupanga. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye kilomita 66 hivi, imekwisha kutiwa lami. Meli ya MV Mbeya II, ibebayo abiria 200 na mizigo, ilianza kazi mwaka 2021. Kuna siku itakayokuja ambapo mtu ataandika juu ya karatasi: safari ya siku saba, visiwa na miamba ya Nyasa, viumbe wasiopatikana popote, mahali pa mbali pasipoguswa.

Hapo kwenye neno “mbali” ndipo pa kusimama. Mbali ni mbali na nani? Mvuvi wa Ngumbo hayuko mbali na kitu chochote anachokihitaji isipokuwa hospitali, soko na bei nzuri. Neno hilo halipimi ardhi. Lapima jinsi mwenye kulisema anavyojihisi kuwa huru. Mahali palipoitwa pa mbali pamekwisha kuvuliwa wenyewe, na pasipo na wenyewe hapapigwi hodi.

Ufuko huo wajua vizuri wageni waliokuja na neno hilo vinywani. Katika karne ya 19 ziwa lilivukwa na majahazi yaliyopakia watu waliokamatwa ng'ambo ya magharibi. Wakatembezwa hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakaletwa katika soko la Unguja. Salim bin Abdallah, aliyejenga himaya yake Nkhotakota na kuitwa Jumbe, alitoka pwani ya Waswahili. Kwa watu wa pwani, Nyasa ilikuwa “bara”, yaani mbali, na neno hilo lilifanya kazi yake. Tarehe 13 Agosti 1914, hapo Liuli, palipoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hata habari za vita hakuwa nazo. Mataifa mawili ya Ulaya yaligombana katika ua wa mtu bila ya kumbishia. Kisha, tangu miaka ya 1960, samaki wa ziwa hili wakaanza kusafirishwa kwa ndege, ndani ya mifuko ya maji, kwenda kupamba masanduku ya vioo ya Ulaya na Marekani. Watu, vita, samaki: kila safari ilikuwa na mpango wake mezani, na hakuna meza iliyoweka kiti cha mtu wa Ngumbo.

Atakayekuja sasa kwa ajili ya kuona tu atasema yeye ni tofauti, kwa kuwa hachukui kitu. Huenda akawa sahihi, lakini hawezi kujitangazia mwenyewe. Galapagos haikuwa na wenyeji walipofika mabaharia. Kanuni ya kutazama bila ya kugusa ni nyepesi mahali ambapo hakuna anayekula kinachotazamwa. Ngumbo si hivyo. Dagaa ambaye mgeni atamwona akimetameta chini ya taa za wavuvi ni kitoweo cha usiku ule na ni ada ya skuli ya mwezi ujao. Magege ambaye mpiga picha atamwita mrembo yumo katika sufuria ya mama fulani. Mgeni akileta jicho lisilojua hayo, ataanza kumwona mvuvi kama doa juu ya picha. Baada ya miaka michache atapatikana wa kupendekeza kwamba doa liondolewe. Ng'ambo, upande wa Malawi, hifadhi ya taifa ya ziwa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 kwa ajili ya samaki hawahawa, na vijiji vilivyokuwako vikabaki kama visiwa vilivyozungukwa na hifadhi. Kuishi ndani ya urithi wa dunia huku ukiwa na njaa ya leo si jambo jepesi.

Kutokana na hayo, yupo atakayesema: bora asiende mtu. Wacha maji yabaki maji na mwamba ubaki mwamba. Hoja hii ina heshima yake, lakini yasahau kwamba asiyeona naye huua. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria ili apatikane samaki mkubwa wa kuliwa na kuuzwa. Waliomtia waliwaona samaki wadogo wa ziwa lile kama takataka isiyo na thamani. Kufikia miaka ya 1980 aina zipatazo mia mbili za samaki hao wadogo, kwa makadirio ya wataalamu, zilikuwa zimetoweka au zinakaribia kutoweka, nyingine kabla hazijapewa jina. Hakukuwa na meli ya watalii iliyowamaliza. Walimalizwa na meza nyingine, ambayo haikuwa na mtu aliyewahi kuzamia akawatazama na kusema hawa ni viumbe. Kutotazama, basi, si usalama. Kiumbe asiye na shahidi hana mtetezi siku ya shauri.

Ikiwa ni hivyo, wa kwanza kustahiki kuona ni jirani mwenyewe. Hapa pana dhulma isiyosemwa sana. Mtoto wa mji wa baridi wa Ulaya anaweza kumtazama samaki wa Nyasa kupitia kioo sebuleni kwao, ilhali mtoto wa Ngumbo, aliyezaliwa hatua mia kutoka majini, hujua samaki huyo akiwa amekufa tu, kwa sababu hana kioo cha kuvaa machoni azamiapo. Unguja imewahi kutoa mfano wa tiba ya dhulma hii. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake wa matumbawe ulihifadhiwa mwaka 1994, wavuvi wa zamani walifunzwa kuwa walinzi na waongozaji, na wanafunzi wa skuli za Zanzibar wakaanza kupelekwa kuyaona matumbawe ambayo wazee wao waliyapita juu maisha yao yote bila ya kuyatazama. Mtu aliyekwisha kuona ana la kujibu anapobishiwa hodi. Asiyeona ataitikia kwa bei tu.

Sasa yawezekana kusema safari ya Ngumbo ingepangwaje na mtu aitakaye adabu. Swali la kwanza juu ya karatasi lingekuwa: nani ataitika? Lingepelekwa kwa serikali ya kijiji na kwa kikundi cha wavuvi kinacholinda ufuko, mapema, kabla ya bei kutangazwa, na jibu la “msije mwezi huo” lingekuwa jibu kamili. Swali la pili: viumbe wanazaa lini na wapi, na je, ratiba yaweza kuwakwepa badala ya kuwafuata? Wapangaji wengi hutafuta msimu wa mazalio kwa kuwa ndio wenye picha nzuri. Hodi hugeuza hesabu hiyo juu chini. Swali la tatu: chombo ni cha nani, na nahodha atalipwa kwa nini? Akilipwa kwa kuonyesha, atafukuza. Akilipwa kwa siku, awe ameonyesha au hakuonyesha, ataweza kuzima injini. Swali la nne: baada ya mgeni kuondoka, ni nani pale ufukoni atakayekuwa ameona asichokuwa amekiona kabla? Vioo kumi vya kuzamia vilivyoachwa skulini ni malipo bora kuliko tabasamu.

Swali la mwisho ndilo gumu, na hakuna mtu mwingine awezaye kumjibia msafiri. Je, yu tayari kurudi bila ya kuona? Asafiri kutoka Songea hadi Mbinga, ashuke milima hadi ziwani, akute mwera umechafua maji au wazee wameomba mwamba fulani usisogelewe, naye ageuze mguu bila ya kudai fedha zake wala kulalamika? Huu ndio mpaka kati ya mgeni na mnunuzi. Mnunuzi amelipia kuona, na asipoona amedhulumiwa. Mgeni amelipa nauli ya kufika mlangoni. Yaliyo ndani ya mlango hayakuwa katika bei.

Huenda mtu akasema mizani hii ni kali mno kwa jambo la starehe. Na amfikirie kiumbe mmoja tu. Jike la mbuna, baada ya kutaga, hukusanya mayai yake kinywani na kuyahifadhi humo kiasi cha majuma matatu, hata yaanguliwe na wana wapate nguvu ya kuogelea. Siku zote hizo hali, au hula kidogo mno. Akishtushwa sana aweza kuwatema kabla ya wakati, na wakitemwa mbali na nyufa za mawe huwa ni chakula cha wengine. Mzamiaji mwenye nia njema, anayemfuata kwa taa ili apate picha ya shavu lililofura, hamgusi hata kwa ncha ya kidole. Atapanda juu ya maji akiwa na picha nzuri na dhamiri safi, na kule chini kizazi kizima kitakuwa kimekwisha. Angeliulizia mezani, jirani angelimwambia aje mwezi mwingine.